Viatu Visivyokanyaga Chini

Jumapili, 2 Machi

Bismillahi. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya kuandika nguo za wateja pale kwa dobi ninapopiga pasi, lakini bosi kaleta la kwake, basi hili limebaki halina kazi, na mimi nina maneno mengi kuliko watu wa kuyasikiliza. Mwenyezi Mungu anajua yote kabla sijafungua mdomo, kwa hiyo kumweleza Yeye kunanituliza lakini hakunipi utamu. Kusengenya nimekatazwa. Kuandika sijasikia kama nimekatazwa.

Mvua zimeanza jana. Binti yangu ataolewa zikikatika, inshallah. Mchumba wake ni fundi wa friji, mtu wa maneno machache na mikono yenye grisi. Leo alikuja kalowa mpaka nyusi zinachuruzika, kakumbatia boksi alilolifunga kwenye mifuko ya plastiki, mmoja juu ya mwingine. Boksi kavu, mtu maji. Nikadhani ni dawa ya mgonjwa.

"Shikamoo mama. Naomba utuwekee hili. Kwangu maji yanaingia."

"Marahaba. Na hapa kwangu unadhani yanabisha hodi?"

Akacheka kwa adabu. Binti yangu akalipokea boksi kwa mikono miwili, akalifungua taratibu kama anafunua mtoto aliyelala. Viatu. Raba rangi ya maziwa yaliyochacha, soli nene kama mkate, na kwenye ulimi wa kila kimoja saini ya mwanamuziki wa huko nje, ambaye mwanangu anamzungumzia kana kwamba ni mjomba wake. Kumbe huyo mwanamuziki na kiwanda walikaa wakakubaliana watoe jozi chache tu. Ukivikosa dukani unavifuata kwa walanguzi, na hao wanakutajia bei mara tano.

"Vina nini ndani?" nikauliza.

"Ni vichache, mama," akasema binti.

"Na huo uchache ni ngozi ya mnyama gani?"

Nikamwambia basi ampe mwenzake avae, zile kandambili zake zimekwisha. Wakatazamana wote wawili kama nimetukana mtu msikitini. Havivaliwi. Vinatunzwa, bei ipande, viuzwe tena.

Nimekula chakula changu bila hamu. Mtu ana harusi mbele yake, mahari hajaleta, ananunua viatu ambavyo si vya miguu.

Jumatano, 5 Machi

Hakuna kilichokauka. Shuka zinanuka kama kitambaa cha kudekia, na wateja wananiangalia mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Bati limefumuka juu ya kitanda cha binti. Tukazungukazunguka na ndoo na masufuria, na palipobaki pakavu kabisa ndani ya nyumba ni upande wa ukutani wa kitanda changu mimi. Nikamwambia mwanangu aje tulale wote. Akaja. Akaja na boksi. Boksi likalala ukutani, yeye katikati, mimi ukingoni mguu mmoja unaning'inia juu ya ndoo.

Nimemaliza swala ya alfajiri nikamwomba Mola anitoe kinyongo. Bado kipo.

Jumapili, 16 Machi

Sasa ni kila asubuhi. Hajanawa uso, hajanisalimia, kashashika simu anaangalia bei ya viatu. "Imepanda." "Imetulia." "Imepanda tena." Katika nyumba yenye mgonjwa wa homa ndimo husemwa hivyo.

Leo nikamuuliza waziwazi: "Mwanangu, mahari vipi? Baba yako mdogo ataniuliza, nami sitaki kumeza mate mbele yake."

"Mahari ipo, mama. Usiwe na wasiwasi."

"Ipo wapi?"

"Ipo."

Kwa jinsi alivyosema nikajua yule fundi kamrubuni. Mwanamume aliyeshindwa kuleta mahari hukosi kumkuta kamfundisha msichana kusema "ipo".

Alhamisi, 20 Machi

Shemeji yangu amepita, yaani mdogo wake marehemu mume wangu, muuza saruji. Ndiye atakayemwozesha binti, kwa kuwa baba hayupo. Alikuja kujua siku, akakaa dakika chache kwa sababu mvua ikilowesha saruji yake inageuka jiwe. Alipoliona boksi juu ya kabati akauliza.

"Viatu vya mchumba," nikasema.

"Anasafiri?"

"Hapana."

"Ameota mguu mwingine?"

Binti akatoka nje kwa hasira, na sisi wakubwa tukacheka vibaya, Mungu atusamehe. Kisha shemeji akaacha kucheka. "Shemeji, mimi sitasimama mbele za watu kumwozesha mtoto wa kaka yangu kwa mtu anayehifadhi viatu kabla ya mahari. Mwambieni." Sikumpinga. Moyoni nilimwongezea na chumvi.

Jumatatu, 24 Machi

Ukungu umeingia kabatini. Gauni langu la sikukuu lina madoa ya kijani begani. Boksi lenyewe nimelikuta lina unyevu chini. Nikatoa kila kitu, nikapangusa, nikatia tembe za kafuri, zile nyeupe tunazowekea nguo kule kazini zisivunde wala zisiliwe na nondo. Nikatia na kwenye boksi, ndani kabisa ya viatu, moja moja. Sivipendi, lakini mali ya mtu ukishapewa kuitunza ni amana, na amana haichagui uzuri wa kitu.

Jumamosi, 29 Machi

Leo nitaandika mpaka mkono ukatae.

Mnunuzi wa viatu alikuja. Nilidhani ni kijana wa mtaani, kumbe ni mtu mzima, ndevu zina mvi, mwenye gari. Fundi alikuwepo, kakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Binti kapendeza kama ndiye anayenunuliwa. Yule bwana akavaa glavu. Glavu, wallahi, kama daktari wa meno. Akatoa na kitochi chenye mwanga wa bluu, akamulika nyuzi, akamulika soli, akahesabu matundu ya kamba. Mpaka hapo nilikuwa najizuia. Kisha akainua kiatu, akakileta usoni, akatumbukiza pua yake yote ndani, akafumba macho, akavuta.

Nimefua soksi za watu miaka yangu yote na sijawahi kuona mtu akipeleka pua huko kwa hiari.

Akaitoa pua. Uso umebadilika.

"Vinanuka."

"Vinanuka nini?" binti akauliza.

"Kafuri. Hivi viatu vilikuwa mochwari?"

Nikasema, kwa heshima, kwamba kafuri ni mimi niliitia, kwa ajili ya ukungu, na kwamba ni kafuri safi. Akanitazama kwa huruma. Akaeleza kwamba kiatu kipya kinatakiwa kinuke gundi ya kiwandani, hiyo ndiyo inayowahakikishia wateja wake kwamba hakijaguswa. Kikinuka kitu kingine, mtu atasema kimevaliwa kikapuliziwa kuficha jasho.

"Lakini mguu haujaingia humo," nikamwambia.

"Najua, mama. Ila mimi sinunui kiatu, nanunua harufu na boksi."

Alivyosema hivyo hakuona aibu hata kidogo. Akavua glavu kidole kimoja kimoja, akaondoka, gari lake likaturushia maji mpaka kizingitini.

Binti yangu hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali. Alisimama katikati ya chumba akaniambia polepole: "Mama, umeniharibia mahari yangu."

"Mahari gani?"

"Hiyo hapo. Hivyo viatu ndiyo mahari yangu. Nimeshakabidhiwa."

Nikamgeukia fundi. Yeye kainamisha kichwa, anatazama vidole vyake vya miguu kwenye zile kandambili. Nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa, kwa sababu ninataka kuyatubia na nikiyaandika nitayasoma tena. La mwisho lilikuwa kwamba mwanamume anayemtolea mwanamke mahari ya raba amemwona punda, anamtafutia kwato.

"Mama una haki ya kukasirika," akasema. Akaaga, akatoka mvuani. Hakujitetea hata kwa neno moja, na mimi nikaona huo ndio ushahidi wa hatia.

Jumapili, 30 Machi

Hatusemeshani. Kafuri inanuka nyumba nzima.

Ijumaa, 4 Aprili

Bei imeanguka. Si kwa kafuri yangu. Kiwanda kimetoa jozi nyingine nyingi, zilezile, saini ileile, zimejaa madukani huko kwao. Wale waliokuwa wanavitafuta kwa tochi ya bluu sasa wanavipita bila kuvitazama.

Nilitamani nifurahi. Nilimkuta mwanangu kakaa kwenye ngazi ya nyuma, simu imezimika mkononi, na mvua inamlowesha magoti bila yeye kusogea. Nikamletea kanga. Akaipokea. Ndiyo mazungumzo yetu ya leo.

Jumatano, 9 Aprili

Leo nilirudi mapema kutoka kazini kwa sababu umeme ulikatika na pasi zikalala. Nikasikia kishindo juu ya nyumba. Ni yule fundi, yuko kwenye bati na nyundo na kopo la lami, anaziba matundu katika manyunyu. Hakuwa ameitwa na mtu. Nilisimama chini na mwamvuli, ninaona nyayo zake tu, zina magaga.

Nikaona niulize, maana lisiloulizwa huwa donda. "Hivi wewe, baba, ulivipenda kweli vile viatu?"

Nyundo ikanyamaza. "Mama, mimi mguu wangu ni namba arobaini na moja. Vile ni arobaini na nne."

"Sasa ulinunua vya nani?"

"Namba hiyo ndiyo inayouzika zaidi." Akagonga msumari mmoja. "Mama, nisije nikamsema mtu. Mimi nilipeleka fedha. Nikampa mkononi, nikamwambia hii ni haki yako, fanya utakalo. Yeye akasema fedha ikikaa inalala, tuifanye itembee. Rafiki yake aliwahi kufanya hivyo, akakodi ukumbi na watu wa kupiga video. Akanituma nikavichukue. Mahari ni yake, nimkatalie kwa lipi?"

"Na siku ile nilipokutukana, mbona hukusema?"

"Alikuwa amesimama pale pale, mama. Ningemvua nguo mbele yako."

Nikaingia ndani kumwekea maji ya chai, kumbe machozi yananitoka. Mwezi mzima nimemchukia mtu kwa kosa la mwanangu, na kosa lenyewe nimelilaza kitandani kwangu. Kinyaa sasa hakijui kikae wapi. Kilikuwa kwa mgeni, kumbe ni cha nyumbani.

Alipoonja chai nikamwomba radhi kwa ile kafuri. Akasema, "Mimi friji za watu ninazofungua, mama, kafuri ni marashi."

Alhamisi, 17 Aprili

Kikao. Shemeji alimleta shehe atakayefungisha ndoa ili mambo yanyooshwe kabla ya siku. Shehe ana mafua makali na alikuwa na ndoa nyingine ya kuwahi, anaangalia saa kila akipenga. Wanaume sebuleni, binti nyuma ya pazia la chumba, mimi katikati na sinia la vikombe. Boksi juu ya meza.

Shemeji akafungua: "Shehe, tunaomba utusaidie. Nitatamka vipi mbele za watu kwamba mtoto wa kaka yangu kaolewa kwa raba?"

Nami nilikaa nikisubiri shehe alitupilie mbali lile boksi. Tangu siku ile ya mnunuzi nilikuwa naomba dua dini inisemee. Shehe akakiinua kiatu kimoja, akakigeuza, akakirudisha.

"Ni mali halali?"

"Halali."

"Amekabidhiwa mwenyewe, kwa hiari?"

"Amekabidhiwa," fundi akasema.

"Basi ni mahari. Hata pete ya chuma ni mahari." Akapenga. "Mnataka iandikwe vipi? Kitu chenyewe au thamani yake?"

Sauti ya binti ikatoka nyuma ya pazia. "Iandikwe thamani."

"Ipi?" shemeji akadakia. "Ya dukani, ya walanguzi, au ya leo?"

"Ile ya mwezi uliopita."

Shehe akalitazama pazia. "Binti, mwezi uliopita mimi sikuwa na mafua. Naandika kilichopo."

Shemeji akacheka mpaka akajimwagia chai. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekasirishwa na shehe kwa kuikubali ile takataka, na nimekasirishwa na mwanangu zaidi, maana niliisikia sauti yake na nikaijua. Ndiyo ile ya wateja wanaoleta shuka kuukuu wakitaka nizirudishe mpya.

"Hayo ni ya wenye hesabu," shehe akasema huku akikusanya kanzu yake. "Kwangu swali ni moja. Umeridhia mahari yako, ndiyo au hapana?"

Mvua ikapiga juu ya bati, na hakuna tone lililoingia ndani.

"Bei ikirudi, nitaridhia."

"Ndoa haifungwi kwa 'ikirudi'." Akasimama, akaomba mwamvuli, akaenda kwenye harusi ya watu waliokwisha kuridhiana.

Shemeji akamfuata huku akisonya. Fundi akabaki. Akaongea akilielekea pazia, sauti ya kawaida, kama anamweleza mwenye friji kilichoharibika.

"Mimi sidai kitu. Ni vyako, viuze, vitupe, vitunze. Ukiridhia niambie. Usiporidhia pia niambie, nisikae mlangoni kama friji isiyo na umeme."

Akaniaga mimi kwa mikono miwili.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimepiga pasi makanzu ya maharusi wengine. Nimeunguza moja.

Jumapili, 20 Aprili

Hajaja, hajapiga simu. Binti asubuhi anaangalia simu kama kawaida yake, ila sasa hatangazi bei. Simsaidii. Nilitaka kumsaidia, nikajiuma ulimi. Nimemlea kwa kumjibia kila anachoulizwa, na hili ameulizwa yeye.

Jumanne, 22 Aprili

Sijui nianzie wapi. Asubuhi nilikuwa najiandaa kwenda kazini. Simu yake ikaita, akasikiliza, akasema "sawa", akakata. Akaja akakaa kitandani kwangu.

"Mama, ni yule mnunuzi. Anasema bei imeanza kunyanyuka. Kafuri haimsumbui tena, amempata mteja wa kuweka kabatini tu. Atakuja Jumamosi."

"Hongera," nikasema. Nilikuwa nimechoka.

"Nilifurahi, mama. Nikatafuta mtu wa kumwambia." Akashika ukingo wa shuka. "Na mtu wa kumwambia ni yule."

Nilikuwa nimeshika hijabu yangu mkononi, nikaogopa hata kuivaa.

"Hivi vina thamani kweli?" akaniuliza.

"Mimi usiniulize. Mimi nikiviona nasikia kichefuchefu, siwezi kuwa shahidi wa haki. Muulize anayevitaka."

"Anayevitaka hatavivaa."

"Na wewe?"

Akaligeukia boksi juu ya kabati. Kisha akalishusha. Akatoa zile karatasi laini zilizokuwa ndani, akazisokota, akazisukumia mbele kwenye vidole. Akaingiza mguu. Mguu wake mdogo, wa baba yake, ukazama mle kama mwiko kwenye sufuria ya harusi. Akafunga kamba mpaka zikakutana. Akasimama, akatembea hatua mbili, pwata, pwata, akashika ukuta.

"Mwanangu, Jumamosi mtu anakuja."

"Najua."

"Nje ni tope."

"Naliona, mama."

Akafungua mlango. Barabara yetu wakati huu wa mvua ni uji mwekundu, na lori la mchanga lilikuwa limepita. Nilimtazama kutoka kizingitini. Hatua ya kwanza tope likafika kwenye soli, ya pili likafika kwenye saini. Jirani aliyekuwa anamwaga maji akasahau kuinamisha ndoo. Mwanangu akaendelea, kainua gauni kwa mikono yote miwili, anatembea kama bata aliyekosewa, kuelekea karakana ya friji. Kwenye kona kiatu kimoja kilibaki kwenye tope. Akarudi na mguu mtupu, akakichomoa, akakivaa na tope lake ndani.

Nimechelewa kazini. Bosi kaniuliza nacheka nini, nikamwambia nguo hazikauki.

Jumatano, 23 Aprili

Fundi alimrudisha jana kwa miguu. Binti alipofika karakana alimkuta mwenzake kalala chini ya friji, akamwambia "nimeridhia", naye akagonga kichwa kwenye chuma. Ana nundu. Ameniambia mwenyewe, anaishika kama nishani.

Mnunuzi amepigiwa simu. Alipoambiwa vimetiwa tope alitoa pole kama ya msiba.

Jumamosi, 3 Mei

Anga leo ni jeupe, la kwanza tangu Machi. Ndoa imefungwa hapa hapa nyumbani, hakuna ukumbi wala video. Wanaume sebuleni, sisi chumbani tumebanana, na mwanangu katikati yetu kainama, miguu yake iko peku juu ya mkeka.

Shehe kapona mafua, kwa bahati mbaya, maana sauti yake ilisikika mpaka kwa jirani wa tatu. Shemeji alijikaza akataja jina la kaka yake bila kutetemeka. Ilipofika kwenye mahari shehe akasoma kilichopo, kama alivyoahidi: "Viatu, jozi moja, ambavyo bibi harusi amevipokea," akatua, "na amevivaa."

Kicheko kilichotoka sebuleni kilitikisa pazia. Chumbani wanawake wakaangaliana. Nami nilikaa nimekunja uso kama niliyelamba ndimu, kwa sababu kusema kweli bado naona karaha. Nimemlea mtoto huyu kwa mvuke wa pasi, na mbele ya Mola wake na ya watu ametajiwa raba. Sitaizoea. Nitakwenda nayo kaburini, na huko ndiko kwenye kafuri.

Lakini alipoulizwa kama ameridhia, alijibu kabla shehe hajamaliza swali.

Mama mmoja wa upande wa bwana harusi, aliyetoka mbali na hakuijua habari yetu, akaniegemea begani.

"Samahani, mkwe. Hivyo viatu ni vya bei gani?"

"Vilikuwa na bei kubwa sana," nikamwambia. "Siku hizi ni viatu."